Tarehe ya Gazeti la Punch na Haki ya Mark Lemon

Katika jumla ya magazeti ya kejeli yaliyopata kutokea Uingereza, hapana lililodumu na kusikilizwa na wakubwa kwa wadogo kama Punch, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka London tarehe 17 Julai 1841. Wala hapana shauri lililozusha ubishi baina ya walipendao kama hili la kujua ni nani hasa mwasisi wake. Wako wasemao ni Henry Mayhew, wako wasemao ni Ebenezer Landells, fundi wa kuchonga vibao vya picha. Nami katika tarehe hii nakusudia kuthibitisha kwamba, hata wazo likiwa la hao wawili, aliyelifanya gazeti liishi ni Mark Lemon, na heshima ya uasisi ni haki yake.

Mfano ulikwisha kuwako Paris, ambako Charles Philipon alianzisha Charivari mwaka 1832, na Landells na Mayhew walitamani London nayo iwe na la kwake. Wakapata rasilimali ya pauni 25, wakalipa gazeti jina la yule kikaragosi wa michezo ya njiani, mwenye kibiongo, pua ya ndoana na bakora mkononi, ambaye humpiga kila mtu pasi na kujali cheo. Lemon, aliyezaliwa London mwaka 1809, mtu mnene wa mwili na mkunjufu wa moyo, aliyepata kuwa na kilabu cha pombe mtaa wa Wych na ambaye sasa alikuwa akiandika michezo ya kuigiza, aliingia awe mmoja wa wahariri. Mauzo yakawa haba, madeni yakazidi, na ilhali wengine walikuwa wakitafuta mlango wa kutokea, Lemon alitoa fedha alizolipwa kwa michezo yake akazitia katika gazeti. Almanaka ya mwaka 1842 iliuzwa nakala 90,000, lakini faraja hiyo haikutosha, na mwisho wa mwaka huo gazeti likaangukia mikononi mwa wachapaji Bradbury na Evans. Landells akatoka, Mayhew akavuliwa uhariri, Lemon peke yake akabaki kitini. Je, mwenye haki ni nani, ikiwa si yule aliyebaki?

Wazee wa Fleet Street wamepokea habari ambayo kwangu ndiyo hoja kubwa kupita zote. Mwaka 1843 mshairi Thomas Hood alileta shairi juu ya mwanamke fukara mshona mashati, ashonaye usiku na mchana kwa ujira usiomtosha hata mkate, nalo lilikuwa limekwisha kukataliwa na magazeti matatu. Wenziwe Lemon walinung'unika kwamba gazeti la kuchekesha si mahali pa machozi. Yeye akashika lake, akalipiga chapa katika toleo la Krismasi bila jina la mtunzi, na nchi nzima ikatikisika, na mauzo, kama wanavyosimulia, yakapanda mara tatu. Mwaka huo huo, wakati Westminster Hall ilipojaa michoro iliyokusudiwa kupamba Bunge jipya, John Leech alichora maskini waliovaa matambara, vilema na watoto pamoja, wamesimama kutazama picha za matajiri walioshiba, kana kwamba serikali imewakirimu sanamu badala ya chakula. Kejeli ya namna hiyo haitukani mtu, lakini mwenye dhamana hapati usingizi.

Kila Jumatano jioni watu wa Punch walikusanyika kula, na wageni hawakuruhusiwa ila wachache mno. Sahani zikiondolewa, sigara zikawashwa, na hapo ilijadiliwa Picha Kubwa ya juma lijalo: nani achekwe, kwa sura gani, na maneno gani yaandikwe chini yake. Meza yenyewe ilikuwa ya mbao za kawaida tu, na kila aliyekubaliwa kuwa mwenzao alichonga herufi za jina lake juu yake kwa kisu, mwandishi wa riwaya Thackeray akiwa miongoni mwao.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwa ajili ya Richard Doyle, mchoraji wa Punch, kwani alidhulumiwa. Mwaka 1850 Papa aliporudisha maaskofu wa Kikatoliki Uingereza, Punch lilimdhihaki yeye na dini yake kwa ukali mwingi, mwandishi wake Douglas Jerrold akiwa mstari wa mbele. Na Doyle, ambaye alikuwa Mkatoliki, akaacha kazi na riziki yake kuliko kuchangia matusi ya imani yake. Haki ilikuwa upande wake, na hata mimi nimpendaye Lemon sitasema vingine. Lakini jalada alilolichora Doyle mwaka 1849 liliendelea kutumika mpaka 1956.

Nafasi yake ilishikwa na John Tenniel. Huyu ndiye aliyemchora Rais Lincoln kwa dharau miaka yote ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Lincoln alipouawa mwaka 1865, Tom Taylor akatunga beti za kukiri kosa la gazeti, Lemon akaridhia zichapwe waziwazi.

Lemon alifariki Crawley tarehe 23 Mei 1870. Wakafuata Shirley Brooks, kisha Taylor, kisha Francis Burnand. Mchoraji Linley Sambourne alimchora Cecil Rhodes mwaka 1892, mguu mmoja Cairo na mwingine Rasi ya kusini mwa Afrika, akinyoosha waya wa simu juu ya Afrika nzima, na mwaka 1906 akamchora Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuwa joka la mpira linalomkaba mtu wa Kongo. Katika miaka ya 1940 mauzo yalizidi nakala 170,000. Kisha mpinzani wake wa kejeli, Private Eye, likazaliwa 1961. Punch likafungwa 1992, likafufuliwa na Mohamed Al-Fayed 1996, likafa tena 2002. Katika wahariri wake wote hapana aliyefikia miaka 29 ya Lemon. Burnand na Owen Seaman, waliomkaribia, kila mmoja aliishia 26.