Profesa wa Cairo na Haki ya Mkimbizi katika Fiqhi

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeuhama mji wake akapokewa Madina.

Ama baada ya hayo. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba haki ya mkimbizi ilianza na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951. Mwanachuoni aliyeichunguza dhana hii ni Ahmed Abou-El-Wafa, profesa wa sheria za kimataifa wa Chuo Kikuu cha Cairo, ambaye pia ametunga kwa Kiarabu kitabu cha juzuu nyingi juu ya uhusiano wa mataifa katika sharia. Mwaka 2009 kilitoka kitabu chake kinacholinganisha haki ya hifadhi katika sharia na katika sheria ya kimataifa ya wakimbizi. Dibaji yake iliandikwa na António Guterres, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa.

Msingi wa mlango huu ni aya ya 6 ya Suratut-Tawba: mshirikina akiomba ulinzi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa usalama. Amri hii inakutana na Kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951, kinachokataza mkimbizi kurudishwa mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Tena, mwaka 8 Hijria, siku ya kufunguliwa Makka, Umm Hani (r.a.) aliwapa amani jamaa wa mumewe, na Mtume (s.a.w.) akaithibitisha. Kwa hiyo jamhuri ya mafakihi wanaona kwamba amani iliyotolewa na Muislamu mmoja, mume au mke, inawafunga wote.

Hata hivyo, tusiyachanganye mambo mawili. Mkimbizi wa Mkataba ni lazima awe na hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake au siasa. Mustaamini wa mafakihi hakuulizwa hayo, lakini ukaazi wake ulikuwa wa muda: Mashafii wametaja miezi minne, na Mahanafi hawakumwacha akae mwaka mzima ila kwa jizya.

Huenda mwanafunzi akauliza: mbona Abu Jandal (r.a.) alirudishwa kwa Makuraishi siku ya Hudaybiya, mwaka 6 Hijria, naye amefungwa minyororo? Tunajibu kwamba lile lilikuwa sharti la mkataba, na baadaye aya ya 10 ya Suratul-Mumtahana ikakataza kuwarudisha wanawake waumini. Mahanafi wamesema sharti lile limefutwa. Mashafii wameliruhusu kwa yule tu mwenye ukoo wa kumlinda huko anakorudi. Basi hata aliyeruhusu aliutazama kwanza usalama wa anayerudishwa. Asiitumie mtu habari ya Abu Jandal kumfungia mlango aliyekimbia kifo.

Waislamu wa mwanzo walipoteswa walihamia Habasha, na Najashi akakataa kuwakabidhi kwa wajumbe wa Makuraishi. Mwaka 1969, katika nchi hiyo hiyo, mjini Addis Ababa, mataifa ya Afrika yalipitisha mkataba wao wa wakimbizi, unaokataza mtu kurudishwa mpakani kwenye hatari. Ewe imamu, akija mgeni msikitini kwako akiomba hifadhi, kumbuka kwamba deni la Najashi bado liko shingoni mwetu.

Wallahu a'alam.