Kanali wa Corbin (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Harland Sanders, aliyefiwa na baba akiwa na miaka 5, alikuwa na mgahawa kwenye sheli yake mjini Corbin, jimbo la Kentucky, Marekani. Gavana alishamtunuku cheo cha heshima cha Kanali. Kero yake ilikuwa kuku: kwenye kikaango aliiva kwa nusu saa, na wasafiri hawakuwa na muda huo. SASA ENDELEA...

Mwaka 1939 Sanders alinunua sufuria ya presha. Watu waliitumia kuchemshia mboga. Yeye akaitia mafuta. Ilikuwa kazi ya hatari, maana mafuta yanayochemka ndani ya chombo kilichofungwa kwa presha yakilipuka hayamwachi mpishi salama. Akapima moto, akapima dakika, akakosea, akarudia. Mwishowe kuku akatoka kakauka nje, ndani ana maji yake, na mteja hajamaliza hata kupumzika.

Furaha haikudumu. Novemba mwaka huohuo moto ukateketeza jengo. Mwingine angeondoka. Sanders alijenga upya, safari hii mgahawa wa viti kama 140, na kuku wake akawa gumzo. Mwaka 1952 Pete Harman, mwenye mgahawa huko Salt Lake City, akakubali kumuuza kuku huyo na kumlipa Kanali senti 4 kwa kila kuku. Walipeana mkono tu, yakaisha. Sanders aliliona hilo kama jambo la pembeni. Tegemeo lake lilikuwa Corbin.

Ndipo zikaja habari za barabara kuu mpya, ambayo ingeupita mji kwa mbali. Magari ndiyo yaliyoleta wateja, na bila magari hapakuwa na biashara. Jasho la miaka zaidi ya ishirini lilipigwa mnada mwaka 1956 kwa dola 75,000, zikaishia kwenye madeni. Mzee ameshatimiza miaka 65, mkononi ana mafao ya uzeeni: dola 105 kwa mwezi.

Wengi wangekaa barazani kusubiri hundi. Sanders alikumbuka zile senti 4 za Harman. Akapakia kwenye gari sufuria ya presha na viungo vyake, akashika njia, usiku akilala humohumo garini.

Je, nani atamfungulia jiko lake mzee asiyemjua? Usikose Jumamosi ijayo.

ITAENDELEA