Wazigua wa Mto Juba

Wasikilizaji wetu, kusini ya Korogwe ni Handeni, nchi ya Wazigua. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliingia huko. Wazee husimulia kwamba watu walihadaiwa kwa ahadi ya kazi na chakula, wakapakiwa majahazini, wakauzwa Somalia. Wengi walitoroka, wakafyeka misitu ya mto Juba, wakalima. Aliyewaongoza ni mwanamke, Wanakhucha. Lugha yao hawakuiacha. Nasi twaona jambo hilo ni kubwa kuliko vita vingi vilivyoandikwa vitabuni. Hata machafuko ya mwaka 1991 yalipowafukuza, baadhi yao walivuka bahari mpaka Tanga. Mwaka 2003 wakapewa makao Chogo, Handeni, wakawaamkia wenyeji kwa Kizigua, nao wakaitikiwa.