Jadi na Mitambo: Kutoka Ilimba hadi Singeli

Uwanda wa juu wa Ufipa unasifika kwa malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha mawe ya chuma bila mivukuto, kwa hewa iliyojiingiza yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilirudiwa katika kitanuri kidogo, safari hii kwa kuvukutwa, ndipo mhunzi akakifua. Kwa mkazi wa Kasense, huko Ufipa, aliyerithi historia hiyo, ni vigumu kukubali kwamba teknolojia ililetwa na umeme. Muziki wa jadi nao haukuwa ukisubiri umeme ndipo uanze kufanya majaribio.

Tuitazame ilimba ya Wagogo. Ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole. Usoni hutobolewa matundu, yakazibwa kwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mvumo wa kukwaruza. Baadhi ya ndimi hazipigwi kabisa; zimewekwa zitetemeke zenyewe pale jirani zake zinapoguswa. Mvumo na mwangwi wa namna hiyo ndio ambao fundi wa studio hununulia mitambo.

Hata mpangilio wa sauti zake ni matokeo ya uchunguzi wa masikio. Wagogo huimba kwa kufuata sauti za asili zilizofichika ndani ya uzi mmoja unapotetemeka. Huko Vietnam, mpigaji wa đàn bầu, chombo chenye uzi mmoja tu, hufuata kanuni hiyo hiyo: huugusa uzi mahali maalumu ili zile sauti za juu zijitokeze. Chombo hicho kilipofungwa kifaa cha kunasa mtetemo na kuunganishwa na spika, sauti yake nyembamba iliweza kusikika katika kumbi kubwa, na wapigaji wake leo hushirikiana na watunzi wa muziki wa majaribio. Umeme ulikuza kile ambacho uzi ulikuwa nacho tayari.

Hapa kwetu, hatua ya kwanza ilikuwa ya kisiasa. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akilalamika kwamba ukoloni ulitufundisha kuzidharau ngoma zetu. Vikundi vya taifa vikaundwa, na kwa miaka mingi studio za Redio Tanzania zikawa karibu mahali pekee pa kurekodia. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kanisani nako, Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 ulifungua mlango wa ngoma na kayamba kuingia kwenye misa. Katika eneo lenye Wakatoliki wengi kama Ufipa, jambo hilo halikuwa dogo: waumini wengi walisikia ngoma na kinanda vikienda pamoja kwaya ilipoimba, kabla hawajakanyaga ukumbi wa tamasha.

Aliyeivusha ilimba hadi kwenye maabara ya sauti ni Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka kijiji cha Doduma na kuhamia Bagamoyo. Alitengeneza malimba makubwa, mengine yenye ndimi zaidi ya 60, na sauti yake ilipanda kutoka besi hadi juu kabisa bila kukatika. Mwaka 2002 ilitoka albamu ya *Assembly*, aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada Michael Brook kwa lebo ya Real World ya Uingereza. Gitaa la umeme na mitambo ya studio vilikutana na ndimi za chuma. Hukwe alifariki dunia Desemba 2003, lakini ukoo uliendelea. Mwanawe Msafiri alitoa *Uhamiaji* mwaka 2017, akichanganya muziki wa Kigogo na sinthesaiza. Mwaka 2024 Pendo na Leah wa kundi la Zawose Queens walitoa *Maisha*, na wanawake waliokuwa waitikiaji wakawa mbele.

Uswahilini Dar es Salaam, majaribio hayakungoja mwaliko wa Ulaya. Mchiriku ulichota midundo ya ngoma za Wazaramo, ukaipitisha kwenye vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochakaa hadi sauti ikapasuka, na kupasuka kwake kukawa ndio utamu. Singeli ikafuata: vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walikata vipande vya taarabu kwenye kompyuta, wakavikimbiza hadi midundo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa *Sounds of Sisso*, na wasikilizaji wa ng'ambo wakaupokea kama muziki wa kielektroniki wa mbele kabisa.

Ukilinganisha njia hizo mbili, utaona zinatofautiana mahali pamoja. Kijana wa Mburahati alikuwa fundi, mtunzi na mwenye mashine kwa wakati mmoja. Hukwe alikuwa bingwa wa chombo chake, lakini studio ilikuwa ya wengine. Mchanganyiko ukinoga, mara nyingi sababu yake ni kwamba mwenye jadi alikuwa na kauli katika uamuzi wa nini kibaki na nini kikatwe.

Kwa Ufipa, somo hilo linahusu ngoma kama nsimba. Simu ya mkononi na programu ya bure vinatosha kurekodi. Kinachohitajika ni kuandika majina ya waimbaji, kijiji na tarehe kwenye kila rekodi, na kukubaliana mapema nani ana haki gani, kwa kuwa Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya 1999 inazitambua pia sanaa za jadi. Rekodi isiyo na jina ni malighafi ya yeyote atakayeiokota. Yenye majina humlazimu mtunzi wa kompyuta, awe wa Sumbawanga au wa Berlin, kubisha hodi kwanza.