Baa ya Wakuba katika Mji wa Paris

Msomaji, kama ungalitembea usiku katika mtaa wa Montmartre, mjini Paris, yapata mwaka 1932, ungaliikuta katika barabara ya Fontaine baa iliyoitwa La Cabane Cubaine, maana yake Kibanda cha Kikuba. Watu waliingia humo kunywa na kucheza dansi. Brassaï, mpiga picha mashuhuri, aliwapiga picha wachezaji wake, weusi kwa weupe.

Labda utauliza, pana ajabu gani hapo? Ajabu ni safari ya ngoma yenyewe. Waafrika zaidi ya 700,000 walipelekwa Kuba kuwa watumwa, na wengi wao walitoka nchi za Kongo. Katika mashamba ya miwa walinyang'anywa uhuru na hata majina yao, lakini mapigo ya ngoma hayakunyang'anyika, kwa kuwa yalikaa vifuani mwao. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1886; dharau haikukoma. Mjini Havana vilabu vya matajiri viliwafungia watu weusi milango, na ngoma zao zilipata kupigwa marufuku.

Hata hivyo, kizuri chajiuza. Mwaka 1930, huko New York, bendi ya Don Azpiazu na mwimbaji mweusi Antonio Machín waliutia katika santuri wimbo wa mwuza njugu, uitwao El manisero. Ukaenea duniani, na miji ya Ulaya ikataka dansi ya Kikuba. Hivyo ngoma iliyodharauliwa kwao ikashangiliwa ugenini.

Lakini usidhani ya kuwa Paris ilikuwa pepo. Mwaka 1931 mji huo huo ulifanya maonyesho makubwa ya kujivunia makoloni. Mtu aliweza kumshangilia mpiga ngoma usiku, na asubuhi akakataa kwamba Mwafrika astahili kujitawala. Kupenda ngoma ya mtu si kumheshimu mwenyewe.

Tangu mwaka 1933 santuri za Kikuba zilizopewa alama ya GV zilianza kuuzwa Afrika. Wakongo walizisikia, wakatambua sauti ya nyumbani, wakaunda muziki wao wa rumba. Hata Morogoro, katika miaka ya 1950, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba.

Basi, usikiapo vijiti viwili vikigongana katika wimbo wa namna hiyo, cheza ukipenda. Lakini wakumbuke waliovuka bahari katika minyororo wakiwa na mapigo hayo vifuani.