Askari, Mpagazi na Mjane: Heshima ya Mkristo kwa Waliokwenda Vitani



Mwezi wa Novemba Kanisa latualika kuwaombea marehemu. Tarehe 11 ya mwezi huohuo mataifa mengi hukumbuka siku bunduki ziliponyamaza huko Ulaya mwaka 1918, nasi Wakatoliki siku hiyo tunamwadhimisha Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekuwa askari kabla ya kuwa askofu. Basi inafaa tujiulize: Mkristo amheshimu namna gani mtu aliyekwenda vitani? Tuanze na historia yetu wenyewe, kwa maana mababu zetu walipelekwa katika vita vyote viwili vya dunia, na wengi wetu hatujui walikopita.

Jeshi la koloni liliitwa Force Publique. Maofisa walikuwa Wabelgiji, askari walikuwa Wakongo. Mwaka 1916, chini ya Jenerali Tombeur, jeshi hilo lilivuka mpaka wa mashariki kupigana na Wajerumani. Mwezi wa Mei liliingia Kigali. Tarehe 19 Septemba likaitwaa Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1917 likafika hadi Mahenge.

Hayo ndiyo yanayoandikwa: miji, tarehe, majenerali. Lakini jeshi lilikula nini njiani? Barabara za magari hazikuwapo, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi vilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi waliotumiwa na jeshi hilo wanakadiriwa kufika 260,000, yaani walizidi askari mara nyingi. Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Kuhara damu, homa ya mapafu na njaa viliwaangusha wengi ambao hawakuwahi kumwona adui. Wake wa askari nao walifuata safari, wakipika na kuwauguza waume zao. Na vijijini walibaki wanawake wengine, wakilima peke yao na kungoja habari zisizofika. Hata amani ilichelewa: Wajerumani wa Afrika ya Mashariki waliweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya Ulaya kupumzika.

Katika vita vya pili, Wakongo walipitia Sudan wakaingia Ethiopia kupigana na Waitaliano. Walitwaa Asosa, kisha Gambela, na tarehe 3 Julai 1941, huko Saio, Jenerali Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert. Wengine walifika mbali zaidi: hospitali ya jeshi yenye wauguzi Wakongo iliwahudumia majeruhi wa jeshi la Uingereza hadi Burma. Mmoja wa waliotumika Burma, Koplo Albert Kunyuku, alivikwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Alikuwa na umri wa miaka 100. Vita vilikuwa vimekwisha tangu miaka 77.

Lakini heshima isiyokubali ukweli si heshima ya Kikristo. Force Publique ni jeshi lilelile lililowatesa wananchi wakati wa mpira, na fimbo ya kiboko ilitumika ndani yake na nje yake. Je, tuwanyime sala zetu waliolitumikia? Kitabu cha pili cha Wamakabayo chatujibu. Yuda Makabayo aliwakuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za sanamu chini ya nguo zao. Hakuificha dhambi hiyo, wala hakuwatupa kwa ajili yake. Aliwazika, akasali pamoja na wenzake, akachanga fedha ili sadaka itolewe Yerusalemu kwa ajili yao. Huo ndio mfano wetu: dhambi itajwe, na marehemu aombewe.

Injili nayo haimchukii askari, wala haisifu vita. Yohane Mbatizaji aliwakataza askari kunyang'anya na kusingizia, akawataka watosheke na mshahara wao. Yesu aliistaajabia imani ya akida wa Kafarnaumu. Kornelio alikuwa mwanajeshi, na nyumba yake ilibatizwa. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulimtambua askari kuwa mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Na Mtaguso huohuo ukalaani vita vinavyoangamiza miji mizima pamoja na wakaaji wake.

Vijana, neno hili latugusa leo. Wapo wanaowaita vijana wa umri wenu washike silaha, wakiwaahidi heshima. Kabla ya kuwasikiliza, mtafuteni askari mzee wa mtaa wenu, mkamwulize aliona nini na alipoteza nani. Kisha ingieni katika nyumba ya mjane wa mwenzake. Nishani haipikwi chunguni, wala haimlipii mtoto masomo. Ndiyo sababu Mtume Yakobo aliiweka dini iliyo safi pale pale: kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao.

Basi kikundi chenu kinaweza kuanza na mambo manne. Andikeni majina ya askari wa zamani, ya wajane na ya yatima wa jumuiya yenu, pamoja na habari wanazozikumbuka. Yapelekeni kwa Padri majina ya waliofariki, yatajwe katika Misa ya tarehe 2 Novemba. Msaidieni mjane asiyejua kuandika kutayarisha karatasi zake za pansheni. Na mlimieni shamba asiye na nguvu.

Martino hakumpa maskini wa Amiens maneno ya sifa. Alikata joho lake la kijeshi, akampa nusu. Nasi tukiwaombea waliolala Tabora, Mahenge na Saio, tusiwasahau wapagazi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mungu anawajua mmoja mmoja.