Kosa Moja, Majina Mawili: Ng'ombe na Shamba katika Milima ya Rurambo

Methali ya nyani na kundule imetuzoesha kudhani kwamba anayemhukumu mwenzake kwa kosa alilo nalo mwenyewe huwa halioni. Milima ya Rurambo, juu ya Uvira, mashariki mwa Kongo, inatoa ushahidi tofauti. Huko kosa la nyumbani huonekana vizuri kabisa, ila hupewa jina jingine.

Tuanze na ng'ombe. Kiangazi kikikaza, wafugaji, wengi wao Banyamulenge, huhamisha mifugo kufuata malisho, na njia hupita kando ya mashamba ya Bafuliiru, Bavira na Banyindu. Asubuhi mkulima anakuta muhogo umelala, kwato zimezama kwenye matuta. Kwake ni makusudi, ng'ombe hawakujichunga. Mfugaji anasema kijana alisinzia, tena shamba lenyewe limelimwa juu ya njia ya mifugo. Siku chache baadaye ng'ombe anaokotwa amekatwa mshipa wa mguu kwa panga. Sasa mfugaji ndiye anayesema makusudi, na mkulima anaeleza hasira, njaa, watoto. Kila mmoja anajipima kwa yaliyomsibu. Mwenzake anampima kwa nyayo na jeraha, maana ndivyo vilivyobaki shambani.

Wanasaikolojia Edward Jones na Richard Nisbett waliieleza tofauti hii mwaka 1971. Bertram Malle alipozichambua kwa pamoja tafiti zilizofuata, mwaka 2006, alikuta kwa jumla ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Hujitokeza hasa jambo linapokuwa baya. Sahihisho hilo si dogo. Mavuno yakiwa mema, nani huuliza nia ya jirani?

Bunduki zilipoingia, sarufi ilibaki ileile. Vijana wetu ni walinzi wa kijiji. Wa ng'ambo ya bonde ni waasi. Makundi ya Mai-Mai upande mmoja, na Gumino na Twirwaneho ya Banyamulenge upande mwingine, yote yamejieleza kwa neno la kujilinda. Hata mauaji ya raia yameingia humo: Makobola mwishoni mwa 1998, ambako wengi waliouawa walikuwa Wabembe; kambi ya wakimbizi ya Gatumba, Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, ambako wengi walikuwa Banyamulenge; Mutarule Juni 2014, ambako wengi walikuwa Bafuliiru. Anayetajiwa Gatumba akajibu "lakini Makobola", au kinyume chake, hajakana maiti, amewatafutia sababu.

Nitaambiwa kwamba hoja hii inawasawazisha wote. Haiwasawazishi. Makosa hayana uzito mmoja, lakini mizani haiwezi kupima iwapo kila upande unaleta jiwe lake. Zamani itulo, malipo ya mfugaji kwa mwami, chifu wa jadi, ili apate malisho, iliwapa angalau mlango mmoja wa kupeleka kesi, ingawa si wote walioiona kuwa ya haki. Leo ningependa jambo dogo zaidi: kesi ya muhogo na kesi ya ng'ombe aliyekatwa zisikilizwe katika baraza moja, siku moja, na karani aandike kitenzi kilekile kwa zote mbili: ameharibu.